Kusema Kavu

Kinyozi wa mtaani kwetu ana mazoea ya kumsimulia mteja mmoja habari za mteja mwingine huku wote wawili wanamsikia. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye benchi nasubiri zamu yangu. Kwenye kiti alikuwa kijana mgeni, mchuuzi wa simu, shingo imefungwa shuka. Kinyozi akaninyooshea mashine ya kunyolea.

"Unamwona yule mzee? Mkewe ndiye mama wa getini. Kiwanda kinaungua, watu wanakimbia, yeye kalishikilia geti kwa mgongo wake lisijifunge, anawapitisha wenzake. Pita wewe, pita na wewe. Mpaka paa likamshukia."

Mgeni akanigeukia kichwa nusu kimenyolewa. "Pole sana mzee. Mama alikuwa shujaa."

"Geti lilikuwa limefungwa," nikasema. "Limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Hakuna mtu aliyepita pale. Na wewe kinyozi siku ile ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo nyoa."

Watu wa benchi wakacheka. Kinyozi hakucheka. Alizima mashine, akaipuliza nywele taratibu, akaniangalia kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mzee wangu, usinifanye mwongo mbele ya wateja. Habari hii umenipa wewe. Ulikaa kiti hikihiki mwezi uliopita ukanisimulia mwenyewe, machozi yanakutoka. Hata taulo nilikupa ujifute."

"Mimi?"

"Wewe. Muulize huyu."

Mpiga pasi wa mlango wa pili, ambaye hushinda pale akisoma magazeti ya watu, akaitikia bila kuinua macho. "Ulisimulia vizuri sana, mzee. Tulinyamaza wote."

Nilitoka na ndevu zangu. Njia nzima nilikuwa najipapasa koo kana kwamba kuna kitu nimekimeza bila kujua.

Kwa hiyo nataka niliweke hapa jambo lenyewe lilivyokuwa, kabla halijanitoka.

Kiwanda kilikuwa cha kufuma vitambaa. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo, mke wangu mfumaji wa zamu ya asubuhi. Ndani ya kila mashine ya kufuma kuna kipande cha mti kinachobeba uzi kwenda na kurudi. Sisi tulikiita panya, kwa sababu hakitulii. Panya mmoja akigonga, unamsikia ukiwa barabarani. Sasa jaza ukumbi mzima mashine, zote zinafanya kazi, panya wote wanagonga. Humo ndani ukipiga kelele mpaka mishipa ikusimame, mwenzako wa mashine ya jirani hakusikii.

Basi wafumaji walikuwa na usemi wao. Walisema kwa midomo tu, sauti hakuna. Midomo inafunguka kwa upana, polepole, na uso unafanya kazi ya sauti: nyusi zinauliza, mashavu yanacheka. Tulikuita kusema kavu. Mwanamke wa pembe hii alimsengenya mtu na mwanamke wa pembe ile, ukumbi mzima ukiwa katikati. Msimamizi alitukanwa mbele ya uso wake, naye anapunga mkono, anadhani anasalimiwa.

Mambo hayo yaliwafuata mpaka nyumbani. Mimi na mke wangu tuligombana kavu, ili mtoto asisikie. Kumbe tunamfundisha. Tulikuwa na binti mmoja tu. Hajafika hata umri wa kwenda shule, siku moja mezani akamwambia mama yake kavu, midomo imenyooka kabisa: baba anadanganya. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Sasa geti. Wakubwa waliona majora ya vitambaa yanapungua. Walioyapunguza ni wao, kila mtu alijua ni magari ya nani yaliyopakia, lakini mkubwa akiiba, anayepekuliwa ni mdogo. Ikatoka amri kwamba geti la nondo la ukumbi wa kufumia lifungwe kwa mnyororo saa zote za zamu, na funguo zikae ofisini kwa meneja. Siku ile meneja alikwenda kupokea wageni, funguo zimo kwenye droo yake, na droo kaifunga. Moto ukaanzia ghala la pamba. Umeme haukuzimwa, kwa hiyo mashine ziliendelea kufuma, hakuna anayezisimamia.

Mimi nilikuwa karakana. Mwalimu wa chekechea ya kiwanda alikuwa ameshawatoa watoto uani. Nikamchukua wangu nikampandisha mabegani asikanyagwe, nikakimbilia getini. Mke wangu alikuwa upande wa ndani, kashika nondo, wenzake wamejaa nyuma yake. Nikaanza kulipiga kufuli kwa spana kubwa. Moshi ulinijaa machoni, uso wake nikauona kama kitu kilicho chini ya maji. Alikuwa ananiambia jambo kavu, na sikuweza kumsoma. Mtoto juu yangu alikuwa anapiga visigino kifuani pangu na kunipigia kelele sikioni. Na yeye sikumsikia, kwa sababu ya panya. Nikaendelea kupiga kufuli. Halafu paa.

Waliopona ni wachache waliotokea dirisha la chumba cha rangi, mmojawapo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

Tume ilipokuja kuchunguza ilikuta geti limeshang'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Wakaandika kwamba njia ilikuwa wazi na watu walikufa kwa taharuki. Uongo haukuwepo hapo. Palikuwa wazi kweli, baada ya wakubwa kuling'oa.

Mwanzoni kila mtu alijua. Msibani watu walilitaja kufuli kwa kulitemea mate. Lakini kiwanda kikafungwa, na miaka ikafanya mambo yake. Watu wakaanza kukikumbuka king'ora cha asubuhi, kile kilichokuwa kinawaamsha na kuwatoa matusi. Wakakumbuka sabuni za bure, timu ya mpira, basi la wafanyakazi, harufu ya pamba mbichi. Mtu anakaa barazani na jirani yake wasio na kazi wote wawili, wanaambiana, enzi zile mtu alikuwa mtu. Kiwanda kilichotuua kikaanza kuitwa mama. Na mama hafungii wanawe ndani. Basi kufuli likaanza kupungua. Kwanza likawa dogo. Baadaye ikasemekana lilikuwepo lakini halikubanwa. Siku nyingine nikasikia geti lilikuwa nusu wazi. Sijui ni nani wa kwanza kulifungua kabisa, na nani wa kwanza kumweka mke wangu pale, mgongo dhidi ya nondo. Labda hakuna wa kwanza. Labda lilifunguka lenyewe.

Binti yangu alilelewa na shemeji, kwa kuwa mimi sikuwa mtu wa kulea mtu wakati ule. Akakua ndani ya habari hiyo. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, na wanafunzi wake wanajua yeye ni mtoto wa mama wa getini. Anatembea kama mtoto wa mama wa getini, kidevu juu. Anaamini siku ile alikuwa kwa bibi yake, anakula uji.

Shemeji alikuja kwangu na kijana mmoja mwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Afisa wa kumbukumbu, alisema. Sikujua kama kuna watu wanalipwa kwa kukumbuka.

"Shemeji, utatukaribisha au tusimame kama wadai?" shemeji akasema.

"Kaeni. Kiti hicho mguu wake mbovu, mpe mgeni."

Afisa akaeleza. Sehemu ya ukumbi imekarabatiwa. Patakuwa na Siku ya Kumbukumbu, Mheshimiwa mwenyewe atafungua na kukata keki. Wamepata mashine moja ya kufuma iliyosalimika, wanataka ifanye kazi siku hiyo, watu wasikie sauti ya enzi zile. Mafundi wao wameshindwa hata kujua inawashiwa wapi.

"Na binti yako ndiye atakayesoma kwa niaba ya familia," shemeji akaongeza. "Maneno ameyaandika vizuri, mpaka nimelia."

"Atasoma kwamba geti lilikuwa wazi?"

"Si lilikuwa wazi?"

"Shemeji, wewe ulitokea dirishani. Mikono yako ina makovu ya vioo. Kama geti lilikuwa wazi, dirishani ulikwenda kutafuta nini?"

Aliitazama mikono yake, akaigeuza upande wa pili. Hakuwa amekasirika. Ningemwona mwongo ningefurahi, maana mwongo unaweza kumbana. Yeye alikuwa anatafuta kweli, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba alioubadilisha.

"Mimi nilikuwa karibu na dirisha," akasema mwishowe. "Dada alikuwa getini. Aliniambia pita. Namwona, shemeji. Namwona kama ninavyokuona wewe na hiyo fulana yako chafu."

Afisa akakohoa kidogo. "Mzee, kila mtu ana kumbukumbu yake."

"Ndiyo shida, kijana. Hapa mtaani wote wanayo moja."

Nilikubali kutengeneza mashine. Sikuwa na hamu na Mheshimiwa wala na keki yake. Nilitaka tu binti yangu asisimame mbele ya wale watu akawashukuru kwa geti lililomuua mama yake. Nikajisemea nitamweleza kabla ya siku hiyo, baba na mwana, mezani, bila ugomvi.

Akaja Jumapili. Akapika, akaosha vyombo vyangu vya wiki nzima huku ananisema. Tukakaa na chai. Dirisha lilikuwa wazi, mchana mweupe, watoto wanacheza mpira nje. Nikamwambia, "Mwanangu, kuna jambo juu ya mama yako unapaswa kulijua kwangu."

"Niambie, baba."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimelipanga neno kwa neno: geti lilikuwa na mnyororo. Nikaisikia sauti yangu ikisema, tulivu kabisa, "Geti lilikuwa wazi. Alilishikilia kwa mgongo. Alikuwa anawaambia, pita wewe, pita na wewe."

Nikafunga mdomo. Nikajaribu tena, polepole, kama mtu anayepita kwenye utelezi. Nikasema "geti," nikasubiri, nikasema "lili," na yaliyobaki yakaja yenyewe, laini, kama uzi unavyofuata uzi. Na kibaya zaidi, nilipolisema nililiona. Geti wazi. Jua limeingia. Mke wangu anacheka huku anawapitisha watu. Alikuwa mzuri, sijawahi kumwona mzuri vile. Nilitamani kubaki pale.

Binti yangu akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Ahsante, baba. Hujawahi kunisimulia mwenyewe."

Wiki iliyofuata nilikuwa ukumbini kutwa, mgongo juu, kichwa ndani ya mashine. Walikuwa wameipaka rangi mpaka kwenye beringi, wajinga wale. Nikaikwangua, nikaitia grisi, nikabadilisha mkanda, nikachonga panya mpya kwa mti mgumu. Pale palipokuwa na geti walikuwa wameweka geti jingine la chuma, lenye maua ya chuma na rangi ya dhahabu. Limechomelewa kwenye ukuta likiwa wazi. Huwezi kulifunga hata ukitaka. Nililisukuma kwa bega kujaribu. Halina hata mahali pa komeo.

Siku ya mazoezi wakaletwa wafumaji wa zamani, wanawake wenye vitenge vya sare, wakapangwa kwenye viti upande wa ukutani. Walikuwa na furaha kama wasichana wanaokwenda harusini. Mmoja mnene tuliyemwita Kinanda, kwa sababu hanyamazi, alikuwa ananisema tangu mlangoni.

"Fundi, bado hujaoa? Au spana inakutosha?"

"Wewe ungekubali ningeoa."

"Mimi nataka mwanamume anayeoga."

Wakacheka wote. Afisa akaniashiria. Nikawasha.

Panya akaanza kugonga. Sauti ile ilinipiga tumboni, na sakafu ikatetemeka kwenye nyayo zangu. Nikawageukia wanawake kuona kama wamefurahi. Walikuwa wameacha kucheka. Wote walikuwa wameangalia upande mmoja, upande wa geti la dhahabu, na midomo yao inafunguka na kufumba.

Walikuwa wanasema kavu.

Nikasogea mbele nisome. Kinanda alikuwa anasema, funguo, nani ana funguo, funguo, nani ana funguo. Aliye jirani yake alikuwa anasema, msisukume, wa mbele anabanwa, msisukume. Mwanamke mwembamba wa mwisho alikuwa anahesabu watoto wake kwa majina, anamaliza, anaanza upya. Na shemeji yangu, mikono imetulia mapajani, anasema, dada, kuna kufuli, rudi, dada, rudi huku, dirisha, dada. Nyuso zao hazikuwa na hofu wala huzuni. Nyuso zilikuwa zimelala, midomo peke yake ndiyo iliyokuwa macho. Na wote walivuta pumzi kwa wakati mmoja, kwa mwendo wa panya.

Nikazima.

Kimya kikaingia. Kinanda akajipepea na leso. "Ee, sauti tamu hiyo. Imenirudisha usichana."

"Mlikuwa mnasema nini?" nikauliza.

"Nani kasema? Tumekaa kimya tunasikiliza mashine yako."

"Shemeji, ulikuwa unamwambia nini dada yako?"

"Shemeji, na wewe." Akasimama, akanyoosha kitenge. Halafu akajishika taya, akalisugua pande zote mbili. "Ila taya linaniuma, sijui kwa nini. Labda ni ule mkate mkavu wa afisa."

Nikaangalia wengine. Mmoja mmoja walikuwa wanajisugua mataya, huku wanaendelea na utani wao.

Nilimwambia afisa kwamba mashine iko tayari. Sikumwambia zaidi. Yeye na wakubwa zake hawajui kusoma midomo ya watu. Wangejua, tusingefika hapa. Lakini nilimjua mtu mmoja anayejua, aliyejifunza mezani kwangu akiwa mdogo. Siku ya mazoezi alikuwa darasani kwake. Siku yenyewe atakuwepo. Nikasema, sauti yangu imeshanisaliti, basi atasoma kwenye midomo ya mama mdogo wake mwenyewe, halafu nione kama atasimama na ile karatasi.

Siku ikafika, asubuhi yenye jua. Mheshimiwa alichelewa, kama desturi yao, tukamsubiri tumesimama. Alipoingia alipita kwenye geti la dhahabu, akaligusa, akatikisa kichwa kwa masikitiko, wapiga picha wakapiga. Binti yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele na gauni jeupe, karatasi mkononi. Alinitabasamia. Afisa akainua mkono.

Nikawasha.

Wageni wakapiga makofi, nikaona viganja bila kusikia kitu. Wanawake ukutani wakageukia geti. Midomo ikaanza. Mheshimiwa aliwaona, akainamisha kichwa chake na kufumba macho. Nadhani alidhani wanasali.

Nikamtazama binti yangu. Aliona. Nilimwona akiona: macho yakaenda kwa mama mdogo wake, yakaganda, yakaenda kwa Kinanda, yakarudi. Karatasi ikateremka mapajani. Nikawaza, haya, mwanangu, soma, sasa unajua.

Lakini uso wake haukuchukia. Ulilala. Ulilala kama nyuso za wale wengine, na mashavu yakajaa, na nikaona uso wa mtoto ukija juu kutoka chini ya uso wa mtu mzima. Visigino vyake vikaanza kupiga mguu wa kiti. Kimoja, kingine, kimoja, kingine. Nilivijua visigino vile. Kifua changu kilivijua kabla yangu mimi.

Midomo yake ikafunguka. Alikuwa haangalii geti. Alikuwa ananiangalia mimi, kwa chini kidogo, kama anayemsemesha mtu aliyembeba.

Baba, akasema kavu. Baba, mama anasema tuondoke. Mama anasema unitoe hapa. Baba, mama anasema tusimwangalie.

Miaka yote ile sikujua mke wangu alisema nini nyuma ya zile nondo. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, mengine ya kunilaumu. Kumbe mtoto alinipigia kelele sikioni yale yale, na mimi napiga kufuli.

Mama anasema tusimwangalie, akarudia. Baba, tusimwangalie.

Afisa alikuwa ananiashiria nizime, Mheshimiwa ana ratiba. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Nilidhani nitazima mara moja, kwa kumhurumia. Sikuzima. Nilimwacha aseme mpaka mdomo wake ukafika mwisho na kuanza tena, na nikaona kwamba hakuna zaidi, ndiyo yote. Afisa akaja mbio akiwa amenuna. Ndipo nikazima.

Binti yangu akapepesa macho. Akaiokota karatasi, akasimama, akaenda kwenye kipaza sauti na kidevu juu. Akasoma vizuri. Geti lilikuwa wazi, mama alilishikilia kwa mgongo, pita wewe, pita na wewe. Watu walilia. Shemeji alilia kuliko wote. Mheshimiwa akasema taifa linajivunia wanawake kama wale, halafu wakampeleka kwenye keki. Hivyo ndivyo wanavyoshinda hawa. Hawahitaji hata kudanganya, sisi tunawafanyia.

Jioni, bado kuna mwanga, binti yangu akanisindikiza nyumbani. Alivua viatu mlangoni, akaketi, akaanza kujisugua visigino.

"Vinaniuma," akasema. "Kama nimetembea kutwa." Akahamia kisigino cha pili. "Baba, siku ile mimi nilikuwa kwa bibi, sivyo?"

Nikainama kuvipanga viatu vyake.

"Bibi alikuwa anakaa wapi wakati ule? Najaribu kuiona nyumba yake, siioni. Naona kichwa chako. Nakiona kwa juu, kina majivu."

Nikaenda kufunga dirisha. Nilikuwa nawaza juu ya mke wangu. Alisema tusimwangalie. Mtaa mzima umemtii bila kuambiwa. Wamegeuza nyuso, wakatafuta kitu kizuri cha kuangalia badala yake. Mimi peke yangu nilikuwa nimebaki na macho, na hata hayo yalikuwa yananitoka. Ningeweza kumwambia mwanangu ndiyo, ulikuwa kwa bibi, ukala uji ukamaliza. Angelala vizuri. Lakini mke wangu alikuwa anasema na mtoto wa kubebwa, na huyu aliyekaa mbele yangu sasa ana miaka mingi kuliko mama yake alipofia pale. Na kusema kweli, ni lini mimi nilimtii yule mwanamke.

Nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribiana. Nikafungua mdomo kusema, na nikalihisi likija kooni, lile geti, jua na kila kitu, laini, limeshaanza kufunguka. Nikaimeza sauti. Nikaifungia huko huko.

Nikamwambia kavu.

Nilisema polepole, midomo mipana, kama walivyokuwa wakisema wao. Chekechea. Mabega yangu. Moshi. Kila nilichokisema kilitoka kama kilivyokuwa, kizito, na makali yake. Hakikuteleza popote. Yeye alisoma. Mwanzoni midomo yake ilikuwa inafuata yangu, kama mtoto anayejifunza kusoma, halafu ikatulia. Nilipofika kwenye spana alishika ukingo wa kiti. Nilipofika kwenye nondo, na aliyekuwa nyuma ya nondo, hakugeuza uso.

Shemeji akapita nje, akagonga ukuta kwa kiganja. "Mbona kimya humo? Mmelala mapema hivi?"

Hatukumwitikia. Tulisikia kandambili zake zikienda.

Binti yangu alikuwa hatoi machozi. Aliniangalia mdomoni, akisubiri, na alipoona nimemaliza akauliza. Aliuliza kavu, nyusi zimepanda, kama mama yake alivyokuwa akiuliza kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Kufuli lilikuwa upande gani?

Upande wetu, nikasema.